Stika za injini ya Volks: sehemu tatu nilizojaribu na moja iliyonifaa

Bei kwanza, maana ndo swali la kwanza kila mtu ananiuliza akiona nimefungua buti la nyuma, maana Volks injini inakaa huko. Stika mbili za injini ya Volkswagen 1300 pamoja na nakala za akiba, zimechapwa upya kwa skrini (wino unasukumwa kupita kwenye kitambaa kilichovutwa kwenye fremu) kufuata zile za kiwandani, nimelipa shilingi 85,000 kwa zote, na nimesubiri wiki sita wakati niliambiwa mbili. Hizo wiki sita nitazisema huko mbele kwa sababu ziliniuma. Ila stika zenyewe, aisee, huyu kijana aliyezichapa kafanya kazi. Zina miezi nane sasa kwenye injini, joto la Dar mnalijua, oili, petroli inayotoka jasho kwenye kabureta, nimeenda Bagamoyo na kurudi sijui mara ngapi, na hakuna hata kona moja iliyoinuka.

Kwa asiyejua tunaongelea nini. Gari za zamani zilikuwa zinatoka kiwandani na vistika kwenye chumba cha injini, vingine vya karatasi, vingine kama foili, vingine vinahamishwa kwa maji kama zile picha za kwenye bigijii tulizokuwa tunajibandika mkononi utotoni. Kimoja kinakuambia tapeti, zile zinazosukuma valvu zifunguke, ziwe na uwazi kiasi gani, kingine oili ijae mpaka wapi, kingine kinakuonya usiweke mkono kwenye feni. Miaka inapita, mafuta yanamwagika, fundi anapangusa na petroli, mwingine anapiga rangi juu yake bila hata kukitazama, basi kinapotea. Sasa unakuja kuirudisha gari ilivyokuwa, umefanya ovahoo, bati zote umezipiga rangi nyeusi safi, umebadilisha hozi na nyaya, halafu unafungua buti na unaona kabisa kuna mahali panakosa kitu. Kwa Volks panapoonekana haraka ni pawili, kwenye lile bati kubwa linalofunika feni, hapo ndo kilikuwa kinakaa cha tapeti, na kwenye eyakilina, ile ya kuogeshea hewa kwenye oili, ambayo ilikuwa na maelekezo yake ya kuosha na kujaza oili mpaka kwenye alama.

Hii gari ni ya mzee wangu. Bodi ni ya 1968, aliinunua mkononi kwa mtu 1976 akiwa kijana wa kazi, na sababu ya kuichukua ilikuwa moja tu, Safari Rally. Mzee huwezi kumwambia kitu kuhusu Volks. Atakwambia mashindano yalipoanza 1953 yakiitwa Coronation Safari, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, orodha ya washindi inaanza na Volks, halafu 1954 tena, 1957 tena, 1962 tena, na anazitaja kwa vidole kama mtu anayehesabu watoto wake. Kwa hiyo nilipoamua kuirudisha sikutaka ionekane nzuri tu kwa nje, nilitaka akifungua nyuma aone kile alichokiona siku ile aliyoileta nyumbani.

Sehemu ya kwanza nilienda pale watu wote wanapoenda, duka la mabango na stika za magari, jina sitaji. 15,000, unasubiri hapo hapo nusu saa. Nilipeleka picha ya simu ya kipande kilichobaki. Kijana akaitazama, akaandika maneno upya kwenye kompyuta kwa herufi alizozikuta humo humo, akaprinti kwenye plastiki ya mabango, akakata kona za mraba, tayari. Kwa mbali inapita. Ukisogea unaona herufi ni za tangazo la saluni, mstari wa pembeni mnene mara mbili, na kwenye namba wajerumani wanaandika koma, yeye kaona imekosewa kaweka nukta. Nikasema sawa ngoja niijaribu. Wiki ya pili nikapangusa injini kwa kitambaa chenye petroli kidogo, wino wote ukahamia kwenye kitambaa, bati likabaki na kiplastiki cheupe. Wino wa printa za mabango unavumilia jua na mvua, petroli ni habari nyingine, na ukweli pale dukani hakuna aliyeniuliza hii stika inaenda kubandikwa wapi.

Sehemu ya pili nikaagiza nje, seti iliyo tayari, dola 38 na posta juu yake. Hii siwezi kuidharau. Plastiki nzuri, imekatwa vizuri, kona zimezungushwa, rangi imetulia, koma ipo mahali pake. Nilikuwa nishachukua sabuni na maji niibandike. Ila kabla sijabandika nikampitia mzee mmoja fundi wa Volks pale mtaa wa Gerezani hapa Dar, huyu ameshika Volks tangu mimi sijazaliwa, nikamwonyesha kwa furaha kabisa. Akavaa miwani. Akasoma kile kipimo cha tapeti. Akaniuliza, "Mwanangu, hii sifuri koma moja sifuri umeitoa wapi?" Nikamwambia ndo iliyokuja, nimewapa mwaka wa gari 1968 wakanitumia ya mwaka huo. Akaniambia, "Stika inafuata injini, haifuati bodi. Nenda kasome namba."

Namba ya injini kwenye Volks imegongwa kwenye bloku, chini ya pale dainamo inapokaa. Nikainama na tochi, nikasugua uchafu na brashi ya waya, ikatokea: inaanza na AB. Sasa injini ya 1300 ya 1968 ilitakiwa ianze na F. AB zilianza kutoka Agosti 1970, ndo zile zenye matundu mawili ya kuingizia hewa kila upande. Kumbe injini ilishabadilishwa kabla mzee hajainunua, miaka yote hii tunajua ni ile ile. Nilipomwambia mzee wangu alinyamaza kidogo halafu akasema basi ndo maana ilikuwa inapanda milima.

Na hapa ndo nataka watu wanaonunua seti za mtandaoni wanielewe vizuri. Injini za Volks kama hii yangu zimepitia vipimo viwili vya tapeti, milimita 0.10 na baadaye 0.15, injini ikiwa baridi, na fundi wa Volks anayejua kazi leo hizi 1300, 1500 na 1600 za kawaida anaziweka 0.15. Tofauti ni nusu ya kumi ya milimita, unaweza kusema ni nini hicho. Sasa valvu ya eksozi inapoa kwa kukaa kwenye kiti chake, pale inapofunga ndo joto linatoka kwenye valvu linaingia kwenye hedi. Ukiibana, injini ikipata moto haifungi sawasawa, joto halina pa kwenda, valvu inaungua, na siku nyingine inakatika kichwa kinaingia ndani ya silinda. Mzee wa Gerezani ana valvu moja ya namna hiyo kwenye kopo la misumari, imeliwa upande mmoja kama biskuti. Anasema nyingi alizotoa zilikuwa za silinda namba 3, maana kwenye injini za kabla ya 1971 ile rejeta ndogo ya kupozea oili ilikuwa imesimama ndani ya bati la feni inaziba upepo wa namba 3, mpaka kiwanda kilipokuja kuihamisha pembeni. Kwa hiyo mtu akichukua stika nzuri ya 0,10 akaibandika kwenye injini inayotaka 0,15, fundi kijana asiyejua historia akaja akaisoma akaiamini, hiyo stika inaua injini. Haijalishi imechapwa vizuri kiasi gani.

Ile ya dola 38 nikairudisha kwenye bahasha.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu wa tatu. Yupo Kariakoo, uchochoroni, ghorofa ya pili, hana bango, ukiuliza fundi skrini pale chini utapelekwa. Kazi yake ya kila siku ni fulana, za shule, za harusi, za kampeni uchaguzi ukifika. Chumba kidogo kina meza ndefu ya mbao, fremu za kitambaa zimeegeshwa ukutani kama madirisha, harufu ya tina inakukuta mlangoni. Nilimpelekea lile bati la feni lenyewe, sikupeleka picha. Na hilo lilikuwa jambo la maana kuliko yote niliyofanya, kwa sababu stika yangu ya zamani ilibaki nusu, maneno ya juu yanasomeka, chini namba imeishia 0,1 na tarakimu ya mwisho imefutika kabisa. Yaani ile tarakimu moja ndo niliyokuwa naihitaji.

Akaniambia "kaka subiri," akafunga dirisha, akazima taa, akawasha tochi ya simu akailaza kabisa kwenye bati, mwanga unapita kwa ubavu juu ya stika, akaniita niangalie. Wino haupo, lakini pale ulipokuwa umekaa miaka hamsini karatasi yake ya fedha imebaki laini, na pembeni yake imepauka na kuota chembechembe, kwa hiyo ukiangalia kwa ubavu unaona kivuli. Juu kuna mstari uliolala, umenyooka. Sifuri haina mstari ulionyooka juu. Ilikuwa tano. Nilimwambia rudisha tochi tena, nikaangalia mara ya pili, mara ya tatu. Tano.

Baada ya hapo akafanya kazi kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Alilaza plastiki angavu juu ya stika, akaibana kwa tepu, akachora kila herufi kwa kalamu nyembamba ya wachora ramani, kwa sababu bati limejikunja na haliwezi kulala kwenye skana. Kisha akapiga picha kutoka juu kabisa na rula ya chuma pembeni, akapima upana na urefu kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya za kubania. Nikamuuliza si utafute fonti inayofanana tu, akasema hizi herufi hazipo kwenye kompyuta, zamani mtu alikaa akazichora, angalia hii moja ina pua fupi, angalia hizi e mbili za neno moja hazilingani. Na kweli hazilingani. Akazichora upya kwenye kompyuta herufi moja moja kwa kufuata mistari yake, na makosa yake yote. Ya eyakilina ilikuwa afadhali kwa sababu nilipata eyakilina nyingine ya skrepa ambayo stika yake imechakaa upande tofauti na yangu, akaunganisha ile na hii ikapatikana nzima.

Kuhusu wino. Ukitaka kujua stika imechapwa na printa au skrini, chukua lenzi uangalie ukingo wa herufi. Ya printa utaona nukta nukta, rangi zimenyunyizwa. Ya skrini wino umelala wote kwa pamoja kama rangi ya ukuta, ukingo umekatika, ukipitisha kucha unausikia umeinuka kidogo. Zile za kiwandani zilichapwa hivyo, kwa hiyo hata mtu asiyejua akiiona anahisi ni ya zamani, ingawa hawezi kukuambia kwa nini. Alitumia wino wa plastiki ule unaochanganywa na tina yake, siyo wa fulana, akachapa kwenye plastiki ya rangi ya fedha isiyong'aa, akaiacha ikauke siku tatu, halafu akapitisha juu varnishi nyembamba. Kabla ya kunipa alinipa kipande cha majaribio, akasema nenda kakitese. Nilikiloweka kwenye petroli usiku kucha. Asubuhi gundi ilikuwa imelegea pembeni, hilo nilitegemea, lakini wino haukutoka hata nilipousugua kwa kidole gumba.

Sasa malalamiko yangu. Wiki sita. Kulikuwa na oda ya fulana nyingi sana na stika zangu zikasukumwa nyuma, hilo naelewa ni riziki yake, ila simu alikuwa hapokei, napanda ngazi naambiwa ametoka, narudi Mbagala mikono mitupu, nauli na muda, na alikuwa na bati langu la feni kwa hiyo gari haiwaki. Angeniambia tu tangu mwanzo wiki sita ningekubali. Halafu chapa ya kwanza ilitoka ndogo, niliipima kwa venia mbele yake, imepungua milimita moja na nusu, kumbe filamu, ile plastiki yenye mchoro wa kutengenezea skrini, iliprintiwa kwa kufitishwa kwenye karatasi. Hakubishana. Alirudia yote bure, skrini mpya, filamu mpya, na hilo nampa heshima yake. Na ile fedha inang'aa zaidi kidogo kuliko ya zamani, ukiweka pamoja na kipande changu cha asili unaiona, ingawa miezi hii nane imeshatulia na sasa tofauti imepungua.

Ushauri kwa atakayeenda. Usipeleke picha, peleka kitu chenyewe, hata kama kimebaki robo, na usikwangue stika ya zamani kabla haijachukuliwa vipimo. Mimi kwa eyakilina nusura nipeleke kwenye mchanga ipigwe, ningepoteza kila kitu. Ukishapiga rangi usibandike wiki hiyo hiyo. Rangi mpya inatoa hewa kwa muda, stika ikiwa juu yake inaota mapovu, mimi nilisubiri mwezi mzima. Siku ya kubandika osha bati, pangusa kwa spiriti, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ili stika iteleze uiweke sawa, maana ikishika kwenye bati kavu imeshika, halafu sukuma maji yatoke kuanzia katikati kwenda nje kwa kadi uliyoizungushia kitambaa. Usiwashe injini siku hiyo. Mimi niliacha siku mbili. Na lile bati la feni limejikunja pale stika inapokaa, kwa hiyo nilipasha kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu ndo ikalala vizuri.

Rafiki yangu wa Arusha mwenye Land Cruiser FJ40 ameshampelekea eyakilina yake, ile ya duara, na anataka na maandishi ya tapeti, kwenye hiyo injini uwazi wa hewa na wa eksozi haulingani na unapimwa ikiwa ya moto, kwa hiyo nimemsisitiza akapime mwenyewe kwenye kitabu kabla kijana hajachapa. Yeye ana mpango wa kuipeleka Nairobi kwenye Concours ya Ngong Racecourse, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ile ya klabu ya Alfa Romeo inayofanyika tangu 1970, na kule majaji wanafungua boneti kweli kweli. Sisi huku hatuna jaji. Nilifanya kwa ajili ya mzee.

Swali la kama inastahili 85,000 nimeulizwa sana. Ukiagiza nje utalipa zaidi ukijumlisha posta, na utapata kitu cha mwaka wa gari, siyo cha injini yako. Ukienda kwa mabango utalipa kidogo utarudi tena. Kwa kazi ya mkono ya namna hii naona bei ni ya haki, na skrini zangu bado anazo, mwenye injini ya AB kama yangu nadhani atalipa chini ya hapo kwa sababu kuchora kumeshafanyika. Ila mwambie tarehe, mwandikie kwenye karatasi, na ubaki na bati lako akishamaliza kuchora.

Jumamosi iliyopita mzee wa Gerezani alikuja nyumbani kuseti tapeti, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachoma, injini baridi kabisa tangu jana yake. Mzee wangu akamletea kigoda na chai. Nilimwambia yule fundi, kipimo si unakijua kichwani. Hakunijibu. Akavaa miwani, akainama kwenye buti, akaweka kidole chini ya ile namba akaisoma kwa sauti, sifuri koma moja tano, akampa mzee wangu tochi amshikie, ndo akachomoa geji.